Baridi ya Mlinzi wa Geti

Kwenye kona ya ghala la kugandishia, pale ukuta wa nyuma unapokutana na barabara, kuna benchi refu la mbao linalotazama jua. Ukipita pale saa tatu asubuhi utadhani umekutana na vichaa: watu wazima wamejipanga kwenye jua kali, wamevaa makoti mazito yenye kofia na mabuti ya mpira hadi magotini, wanakunywa kahawa ya moto na kulalamika kwamba jua la leo ni dogo. Si vichaa. Ni wafanyakazi wa vyumba vya baridi, na kazi yao ina sheria moja isiyochezewa: dakika arobaini na tano ndani, dakika kumi na tano nje kupasha mwili. Kengele ikilia wanatoka, ikilia tena wanaingia. Katikati ya kengele hizo mbili hakuna jambo la dunia hii ambalo benchi lile halijalitolea hukumu, na mara nyingi hukumu yenyewe huwa ya ovyo kabisa.

Siku hiyo Shangazi alitoka wa mwisho, uso ameukunja. Huyu ndiye anayehesabu makreti ya kuku na samaki katika chumba namba mbili, mwaka wa ishirini na moja sasa, na wote humwita Shangazi, hata wale wanaomzidi umri. Alikaa mahali pake pa siku zote, karibu na birika la muuza kahawa, akavua glavu kwa meno, akatoa ndani ya koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuna aliyeuliza ni karatasi gani. Kila mtu alikuwa nayo.

Ilikuwa fomu kutoka ofisi ya mishahara. Ilisema kuanzia mwezi ujao malipo yatapangwa upya, jumla haibadiliki hata senti. Ila pale ambapo katika kila elfu moja mia saba zilikuwa mshahara wa msingi na mia tatu posho ya baridi, sasa msingi utakuwa mia nne na posho mia sita. Mfanyakazi asome, akubali, asaini. Chini kabisa, kwa herufi za kuwakomoa wenye miwani, kulikuwa na mstari wa nukta ambapo asiyekubali angeeleza sababu. Karani angepita kuzikusanya fomu kwenye mapumziko ya saa nne.

— Mimi yangu nimeipeleka jana ileile, alisema Wakili.

Wakili ni dereva wa foklifti, kile kigari cha kuinulia makreti. Aliwahi kuitwa mahakamani siku moja kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani.

— Mshahara uleule, makato ya mfuko wa akiba yanapungua, ninachobeba nyumbani kinaongezeka. Mtu anakuongezea hela unamnunia? Shangazi, wewe una lako jambo.

Shangazi hesabu hiyo alikuwa nayo, tena kwa kalamu nene ya kuandikia makreti. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi hukata kumi katika kila mia ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kwa mia saba, yeye anakatwa sabini na mwajiri anatia sabini. Kwa mia nne, arobaini na arobaini. Nyumbani atabeba thelathini zaidi, ni kweli. Lakini akiba yake itapokea sitini pungufu, maana thelathini ya mwajiri nayo inabaki kwa mwajiri, wala haina adabu ya kuaga.

Na hakuwa anakisia. Dada yake mkubwa alifanya kazi humuhumu ghalani akastaafu mwaka juzi, na enzi zake walikuwa wamemjaza posho za kila jina, msingi wenyewe kiduchu. Siku alipopokea akiba yake alikwenda moja kwa moja kununua mabati. Mabati yakaishia sebuleni. Mpaka leo chumba cha kulala kimefunikwa turubai, na mvua ikianza mama wa watu wa miaka sitini na miwili anaburuta kitanda kwenda sebuleni, huku anacheka ili wajukuu wasiogope. Shangazi alishamsaidia kuburuta kitanda kile. Alishika upande wa miguuni, dada upande wa kichwani, na kicheko cha dada kilimuuma kuliko kama angelia. Pale pale alikata shauri kwamba yeye cha kwake hatakiburuta. Alikuwa bado na miaka minane ya kazi, na miaka minane si kidogo.

— Sisaini, alisema. Mpaka mtu anieleze kwa nini posho ya baridi haihesabiwi kwenye akiba.

Hapo ndipo benchi lilipopata kazi.

Wa kwanza kuitikia alikuwa Kipimajoto, fundi wa mitambo ya baridi, mtu ambaye ukimsalimu anakujibu pamoja na nyuzi za hewa. Alikohoa kwanza, maana fundi haanzi hivihivi.

— Ni suala la nyuzi, Shangazi. Chumba chako kiko nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Sasa hela iliyochumwa chini ya sifuri utaikataje, na yenyewe tayari ni pungufu? Mfuko unakata cha juu ya sifuri tu.

— Nani kakwambia?

— Nani wa kuniambia mimi habari za sifuri?

Wakili alimwomba asiwapotoshe watu. Yeye alivyojua, siri iko kwenye mpangilio wa mistari. Katika slipu ya mshahara, mstari wa kwanza ndio mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayetoa. Mistari ya chini ni wageni waalikwa. Posho ya baridi iko mstari wa pili, saa za ziada mstari wa tatu, na saa zake za ziada hazijawahi kukatwa hata siku moja. Ushahidi gani tena.

— Kwa hiyo, aliuliza Shangazi, wakichapisha slipu kichwa chini miguu juu?

Wakili alilifikiria jambo hilo kwa dhati.

— Hapo tutastaafu matajiri, alisema.

Watu walicheka, hata muuza kahawa. Aliyecheka kidogo ni mmoja tu, na huyo hakuwa na koti. Alikuwa mlinzi wa geti, anayeitwa Kivuli kwa sababu kutwa nzima anakihamisha kiti chake kukimbiza kivuli cha ukuta, na hakipati. Kwa miaka sita alikuwa mtu wa benchi lile, shati lake la kazi limeloa jasho mgongoni, redio ndogo mapajani. Na kwa miaka sita wenzake walimnunulia kahawa kwa zamu. Hilo lilianzishwa na Shangazi mwenyewe: sisi wa baridini tuna posho, yeye hana, kikombe kimoja hakitufilisi. Wakamhurumia hivyo mwezi baada ya mwezi, wakati mwingine wakamtania kidogo, naye akawa anapokea kikombe kwa mikono miwili na kutazama pembeni.

Shangazi hakuwa na muda wa kucheka. Jana alikuwa ameomba ruhusa, akapanga foleni kwenye ofisi za mfuko mpaka akapewa kijitabu, na ukurasa wa tisa alikuwa ameutia alama. Aliwasomea polepole. Akiba itakatwa kwenye mshahara wa msingi, na kwenye malipo mengine yoyote ambayo kila mfanyakazi hulipwa kila mwezi bila kujali kazi anayoifanya. Haitakatwa kwenye saa za ziada, wala kwenye posho inayotolewa kwa ugumu wa kazi fulani.

Wakili aliinama akausoma ukurasa ule mwenyewe.

— Si ndiyo hiyo, alisema Wakili kwa sauti ya upole, maana na yeye ana moyo. Baridi ni ugumu wa kazi. Umejifunga mwenyewe, Shangazi.

Alijua. Sentensi ile alikuwa ameisoma na kuirudia tangu jana. Alikikunja kijitabu, na kengele ikalia.

Ndani, katika chumba namba mbili, maneno hutoka mdomoni yakiwa moshi, kwa hiyo watu hawasemi sana. Shangazi alihesabu makreti na kuyatia alama, na kila mstari wa pili akakosea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Pembeni yake alikuwepo mgeni, mama wa makamo aliyeanza kazi juzi, koti lake kubwa mikono imempita vidole. Zamani alikuwa anauza mayai kwa trei, na alikuwa na tabia ya wauza mayai: anagusa kila kitu taratibu na anauliza kabla hajabeba.

— Hili kreti umelihesabu mara mbili, Shangazi.

— Leo nina kichwa kibovu, mwanangu. Futa.

Mgeni akafuta. Baadaye kidogo akauliza kama ile fomu na yeye inamhusu, kwa sababu amepewa. Shangazi akamweleza yote, mia saba na mia nne, ukurasa wa tisa, mpaka kitanda cha dada. Alijishangaa kukitaja kitanda. Mgeni alisikiliza akaendelea kupanga kuku.

Saa nne walipotoka, benchi lilikuwa limechacha. Lile jambo halikuwa limetulia vichwani mwa watu, lilikuwa limeota mapembe. Wakili sasa alishikilia kwamba posho ni zawadi, na zawadi ukiikubalia ikatwe umemtukana aliyekupa. Kwa hiyo wanaofanya kazi kwenye mfuko, wakiwa watu waliolelewa vizuri, wanaona aibu kuigusa. Kipimajoto akasema hapana, mfuko unaogopa hela za baridi kwa sababu zimeganda, na kitu kilichoganda hujui kitayeyuka lini. Wakikuwekea miaka ishirini halafu ukastaafu masika, zitatoka maji matupu. Akapendekeza ufumbuzi. Yeye, kwa mikono yake, siku ya mshahara atapandisha joto la chumba namba mbili mpaka nyuzi moja juu ya sifuri, kwa nusu saa tu, hela zipite zikiwa halali kukatwa, kisha arudishe.

— Na kuku? aliuliza muuza kahawa.

— Kuku watavumilia. Ni kwa ajili ya akiba.

— Basi tumshtaki aliyebuni friji, alisema Wakili, akasimama kabisa. Mimi nitakwenda kutoa ushahidi.

Shangazi aliwaacha wapige kelele. Fomu ilikuwa gotini, kalamu nene mkononi. Hakuwa na hoja, alikuwa na uamuzi tu, na akajua vizuri kwamba ofisini uamuzi wa mama wa makreti bila hoja huitwa ukaidi. Aliwaambia hivyo: hatasaini, na wakimuuliza sababu atawaambia hataki. Kama ni kuitwa mkaidi, aliwahi kuitwa mabaya zaidi.

Mgeni alikuwa amekaa ncha ya benchi, kikombe kimezama kwenye mikono ya koti. Alikuwa anamtazama Kivuli, aliyekuwa anajipangusa jasho kwa kofia yake ya kazi.

— Samahanini, alisema. Juzi nilipoandikishwa, karani alinionyesha mistari ya mshahara. Nikamuuliza mbona naandikiwa baridi na sijajua nitapangiwa wapi. Akaniambia hapa wote wanayo. Sasa huyu ndugu wa getini, yeye analipwa kwa baridi gani?

Wakili alicheka.

— Huyu? Huyu hana posho, dada. Ndiyo maana tunamnywesha.

Lakini Kivuli hakucheka. Alikuwa amekiweka kikombe chini, polepole, kama mtu anayeweka kitu cha kuazima.

Kisha akageuza redio yake, akafungua pale panapokaa betri, akavuta kikaratasi kilichokunjwa kama hirizi. Akakikunjua juu ya goti. Ilikuwa slipu ya mwezi uliopita. Mstari wa kwanza, mshahara wa msingi. Mstari wa pili, posho ya baridi.

— Mwezi wa kwanza nilidhani wamekosea, alisema. Nikasema nikiuliza wataikata. Mwezi wa pili nikasema, sasa nikiuliza wataidai na ya nyuma. Halafu Shangazi akaanza kuninunulia kahawa. Nikashindwa pa kuanzia. Miaka sita kila kikombe kinanikwama.

Kipimajoto alitazama jua, akatazama jasho la Kivuli, na kwa mara ya kwanza hakutaja nyuzi. Shangazi aliuma mdomo. Kwanza ilimjia hasira, hasira ya kweli, maana vikombe vya miaka sita si vichache. Kisha akaona jinsi mwanaume yule alivyokuwa akikinyoosha kile kikaratasi kwa kidole gumba, na hasira ikamwishia. Na nyuma ya hasira likatokea jambo jingine, likamfanya akifungue kijitabu haraka mpaka ukurasa wa tisa.

— Kila mfanyakazi, alisoma. Kila mwezi. Bila kujali kazi anayoifanya.

Alimtazama mgeni. Mgeni aliinua mabega, kana kwamba amesema tu kreti limehesabiwa mara mbili.

— Si ya baridi, alisema Shangazi. Haijawahi kuwa ya baridi. Ni mshahara wetu uliovishwa koti.

Wakili alielewa kabla ya wengine, na akawa wa kwanza kuogopa. Alimwambia Kivuli airudishe ile karatasi redioni mara moja. Ofisi ikiiona itamfutia posho yeye peke yake, hoja itakufa, na yeye atabaki na watoto watatu na kiti. Alisema kweli, na wote walijua.

— Sikuombi uitoe, Kivuli, alisema Shangazi. Nakwambia mbele ya watu. Ukiirudisha, kesho nitakununulia kahawa kama kawaida.

Kivuli alitoa fomu yake mfukoni mwa shati, imeloa jasho, haijasainiwa.

— Kunyamaza nimeweza, alisema. Lakini hii inataka niandike jina langu kwamba mimi ni mtu wa baridini. Hilo nimejaribu tangu jana, mkono umekataa. Chukua, Shangazi. Na mimi nitazeeka.

Akampa vyote viwili, fomu na slipu.

Karani alitokea kwenye kona dakika tano kabla ya kengele. Ni kijana mpole, kalamu tatu kifuani, rundo la fomu kwapani. Akatoa shikamoo kwa Shangazi, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kahawa, akasema ana haraka. Wakili alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

— Naomba yangu, bwana mdogo. Nimeisaini vibaya.

— Vibaya vipi?

— Nimeisaini.

Shangazi hakupandisha sauti. Alimwekea slipu ya Kivuli juu ya rundo, akamsomea ukurasa wa tisa, kisha akamgeukia mgeni, akamwomba aulize tena kama alivyouliza. Mgeni akauliza: mlinzi wa geti analipwa kwa baridi gani?

Karani akasema ni utaratibu wa siku nyingi. Akasema aliukuta. Akasema baridi pale ni jina tu la mstari.

— Jina tu, alirudia Shangazi. Ahsante, mwanangu. Na wewe huo mstari unao?

Kijana alitazama juu, kwenye dirisha la ofisi yao ambalo lilikuwa wazi na pazia linapepea.

— Ile ofisi nimeipima mimi, alisema Kipimajoto. Nyuzi ishirini na tisa.

Karani aliketi. Hakuwa na haraka tena. Alisema yeye haamui kitu, hukusanya na kupeleka. Shangazi akamjibu kwamba hakuna aliyemtaka aamue. Wanataka apeleke, zote, bila sahihi, na ule mstari wa nukta ujazwe. Wakikataa huko juu, Ijumaa atarudi kwenye foleni ya mfuko, na safari hii hatasimama peke yake. Aliposema hivyo aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaitikia kwa kichwa, Wakili kwa nguvu zaidi kwa sababu alikuwa na deni la jana.

— Niandike nini kwenye sababu? aliuliza karani.

— Andika mlinzi wa geti anakaa juani.

— Hivyo tu?

— Hivyo tu. Atakayesoma ataelewa, na asiyeelewa aje achungulie dirishani.

Akaandika. Fomu ya Shangazi, ya Kivuli, ya mgeni, ya Kipimajoto, na ya Wakili ambayo jina lake lilikuwa limefutwa kwa mistari mingi kupita kiasi. Kivuli alisimama akatoa noti, akasema kahawa ya leo yote ni juu yake, watu wajazwe vikombe. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa tone moja na machicha.

— Imekwisha, alisema. Kesho.

— Kesho utaanza kulipa, alisema Shangazi, na utalipa miaka sita.

Kivuli alicheka mpaka akalazimika kujipangusa macho. Kengele ikalia. Watu walivuta zipu za makoti, wakajikusanya kuelekea mlangoni. Shangazi alikuwa anavaa glavu alipomwona karani, bado ameketi, akichomoa fomu moja chini kabisa ya rundo. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe, yenye sahihi nadhifu ya mtu wa ofisini. Kijana aliitazama, akaipiga mstari mmoja katikati, akasogea kwenye nukta. Akaandika: mlinzi wa geti anakaa juani, na mimi pia.